Nimechoka na mikataba ya maabara, nataka kazi ya kuandika programu

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mtafiti wa jenomu za bakteria, yaani DNA yao nzima. Nilimaliza shahada ya uzamivu miaka kadhaa iliyopita, na tangu hapo naishi kwa mikataba ya mwaka mmoja mmoja, kila mmoja ukitegemea fedha za mradi ambazo msimamizi wangu huziomba na mara nyingine huzipata dakika za mwisho. Huu wa sasa unaisha baada ya miezi michache. Nina umri wa miaka 34, nina mume na mtoto, na nimechoka kujibu "tutaona" kila ninapoulizwa mwakani nitakuwa wapi.

Kazi yenyewe siichukii. Ila nimejichunguza nikaona kwamba siku ninazorudi nyumbani na furaha si zile za kuotesha bakteria wala za kuandika makala. Ni zile nilizoshinda kwenye kompyuta nikiandika skripti, yaani programu fupi, za kuchambua mfuatano wa DNA. Nilianza kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kuifanya kazi hiyo. Sasa nusu ya maabara inanijia: "Hebu niendeshee hii." "Mbona yangu inagoma?" Natumia lugha ya programu ya Python, na R kwa takwimu na michoro. Kuna skripti moja kubwa inayolinganisha jenomu na kutaja zipi zina jeni za usugu wa dawa. Karibu kila makala iliyotoka kwetu miaka ya karibuni imepitia humo.

Basi nikaanza kuomba kazi za uundaji wa programu. Maombi mengi hayakujibiwa. Kampuni moja ilinitumia mtihani wa mtandaoni, saa inahesabu huku unafanya: mafumbo ya kupanga orodha na kupita kwenye miti ya data, mambo ambayo sijawahi kuyahitaji. Nilianguka vibaya. Kampuni nyingine iliniita kwenye usaili. Kijana aliyenisaili, mdogo kwangu kabisa, akauliza: "Unahakikishaje kwamba msimbo wako uko sahihi?" Nikamjibu nilivyozoea: naendesha, natazama mchoro, nikiona matokeo yanaingia akilini naendelea. Akaandika kitu, akahamia swali jingine. Sikuitwa tena, na mpaka leo sijui nilitakiwa kusema nini.

Nilipomdokezea msimamizi wangu kwamba nafikiria kuondoka, alisema nitakuwa nimetupa elimu yangu yote ili nikawe fundi wa kupanga vitufe kwenye kioo cha simu. Maneno hayo yamenikaa kooni. Mume wangu yeye anasema niondoke hata kesho.

Naomba unisaidie. Nijifunze lugha gani: Java, JavaScript, au nini? Nirudi chuoni nikasome sayansi ya kompyuta, au nichukue moja ya zile kozi za miezi michache? Wasifu wangu una kurasa tisa na makala zangu zote zimo; kwa nini hawauoni? Na hizi akili bandia zinazoandika msimbo zenyewe, si ndiyo naingia kwenye kazi inayokufa? Mwisho, nimwambieje msimamizi wangu, ilhali kuna makala yetu ambayo bado haijaisha?

Wako,
Mguu Ndani, Mguu Nje

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na yule kijana wa usaili, maana swali lake lina uzito kuliko yote uliyoniuliza wewe. Ulimjibu ukweli wa kazi yako ilivyo. Katika utafiti msimbo huandikwa ili utoe mchoro au jedwali. Makala ikishakubaliwa, msimbo umemaliza kazi yake. Anayeujua ni wewe, anayeuendesha ni wewe, na ukigoma unaurekebisha kwa kumbukumbu iliyo kichwani mwako. Katika kazi unayoitaka, mambo yanaanzia pale kwako yanapoishia. Msimbo unakabidhiwa kwa watu usiowajua, watauhariri bila kukuuliza, na utakuwa unafanya kazi usiku wakati wewe umelala. Kwa hiyo "natazama mchoro" hakumtoshi. Na niseme wazi, hakukupaswa kukutosha hata wewe.

Wewe wa usugu wa dawa huenda unakijua kisa hiki. Desemba 2006 jarida la Science lilichapisha barua ya watafiti wa Marekani wakiziondoa makala zao tatu kuhusu maumbo ya protini za utando wa seli, mojawapo ikiwa EmrE, ile inayosukuma dawa nje ya bakteria. Programu ndogo ya kuandaa data, iliyotengenezwa na wanamaabara wenyewe, ilikuwa imebadilishana safu mbili za data. Umbo likatoka limegeuzwa. Michoro ilikuwa mizuri, wahakiki waliipitisha, watafiti wengine wakajenga juu yake. Makala ya kwanza ilitoka 2001! Kilichowafichua ni kundi la Uswisi lililochapisha mwaka huohuo wa 2006 umbo la protini iliyo ndugu wa mojawapo ya zile zao, likawa halifanani na lao. Miaka mitano watu wanatazama mchoro, na mchoro unaingia akilini.

Sasa, dawa ya tatizo hili unayo tayari, ila hujawahi kuipeleka kwenye kompyuta. Hujawahi kuendesha PCR, ile njia ya kuzidisha DNA, bila kontroli. Unaweka mrija usio na DNA, ukionyesha kitu unajua kuna uchafu. Unaweka mwingine wenye DNA unayoijua, usipoonyesha kitu unajua kitendanishi kimekufa. Majaribio ya kiotomatiki ya msimbo ni kontroli hizohizo. Tengeneza jenomu ya uongo, fupi, uipandikizie jeni moja ya usugu kwa mkono wako. Skripti lazima iipate, tena moja, si mbili. Tengeneza nyingine isiyo nayo. Jibu liwe sifuri. Nyingine jeni ikae kwenye uzi wa pili wa DNA, imesomwa kinyume. Kisha ipe faili tupu, au lililokatika katikati. Hapa uwe mkali, maana skripti inayopokea faili bovu na kusema "hakuna jeni za usugu" ni hatari kuliko ile inayokufa kwa kelele. Python ina zana ya kazi hii, inaitwa pytest. Utaielewa kwa jioni moja. Kuanzia hapo kila unapogusa msimbo, kontroli zote zinaendeshwa upya kabla mtu hajaona tokeo lolote. Kijana alikuwa anangoja jibu la namna hiyo.

Ndiyo maana sitakupeleka kwenye shahada nyingine, na zile kozi za miezi michache naziona zinawafaa zaidi watu ambao hawajawahi kuandika hata mstari mmoja. Wewe unaandika. Kinachokupungukia ni kuandikia watu wengine, na darasa halifundishi hilo vizuri kwa sababu kazi ya darasani husomwa na mwalimu peke yake, mara moja, kisha inatupwa.

Darasa lako ni ile skripti kubwa. Tumia miezi iliyobaki ya mkataba kuifanya iwe kitu ambacho mwenzako anaweza kukisakinisha na kukiendesha bila kukuita. Iweke kwenye Git, programu ya kutunza historia ya msimbo, kama haimo, ili kila badiliko liwe na tarehe na sababu. (Ukiwa na mafaili yanayoitwa "mwisho", "mwisho2" na "mwisho_kabisa", usione haya, nusu ya watafiti duniani wanayo.) Ikate vipande vidogo, kila kipande kifanye jambo moja na kiwe na kontroli zake. Ondoa njia za mafaili zinazotaja kompyuta yako. Andika ukurasa mmoja wa maelezo. Halafu mwite yule anayesema "mbona yangu inagoma", umkalishe, umpe maelezo hayo, nawe ukae pembeni ufunge mdomo. Utateseka. Kila anapokwama ni kasoro ya kazi yako, hata kama unaona amekosa umakini. Sahihisha, mwite mwingine.

Muombe pia mtu mmoja anayeandika programu kwa riziki aupitie msimbo wako mstari kwa mstari. Umezoea wahakiki wa makala wanaokujibu baada ya miezi. Huyu atakujibu leo, atakuambia jina ulilolipa thamani fulani kwenye msimbo halieleweki, na kesho atataka uone kosa kwenye msimbo wake yeye. Katika timu za programu hilo ni jambo la kila siku, wala si ugomvi. Watafiti wengi wanaohama huumia hapo kuliko kwenye mafumbo.

Kabla ya kuiweka skripti hadharani, muulize mwajiri wako. Msimbo ulioandikwa kazini mara nyingi ni mali ya taasisi, na anayeamua leseni yake si wewe. Data za wagonjwa zisitoke kabisa; tumia zile jenomu zako za uongo. Ukiruhusiwa, kuna jarida linaloitwa Journal of Open Source Software, lilianza 2016, ambalo wahakiki wake husakinisha programu, huiendesha na kusoma maelezo yake, yote hadharani. Kwa mtu aliye katikati kama wewe sijui mahali bora: unapata makala ambayo msimamizi wako ataihesabu, na mwajiri mpya anaona jinsi unavyojibu mtu anayekukosoa.

Njia hii si ngeni. Matplotlib, zana ya Python ambayo nina hakika umeitumia kuchora michoro, ilianzishwa na John Hunter, mtafiti wa neva aliyetaka kutazama mawimbi ya ubongo ya wagonjwa wa kifafa, ilitoka 2003. IPython, zana ya kuandika Python na kuona jibu papo hapo, ilianzishwa 2001 na Fernando Pérez akiwa mwanafunzi wa fizikia, na humo ndimo ilimozaliwa Jupyter, daftari la msimbo linalotumiwa na watafiti wengi. Wote wawili walianza na zana ya kujisaidia wenyewe. Tofauti ni kwamba waliikabidhi.

Lugha. Baki na Python. Ukiruka kwenda Java na JavaScript kwa mpigo utakuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika lugha tatu badala ya kuwa mtu mzima katika moja. Ongeza SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, kwa sababu data za kampuni hazikai kwenye mafaili ya data zilizotenganishwa kwa mkato kama zako. Zinakaa kwenye hifadhidata za majedwali, wazo ambalo Edgar Codd alilichapisha 1970 na bado halijang'oka. JavaScript itakuja siku utakapotakiwa kujenga ukurasa wa wavuti.

Mafumbo yenye saa yachukulie kama mtihani wa leseni ya udereva: hayafanani na safari, lakini bila karatasi ile huendeshi. Mada zake si nyingi. Orodha, majedwali ya funguo, miti, kutafuta, kupanga, na jinsi muda unavyokua data zinapoongezeka. Hilo la mwisho unaliishi. Ukilinganisha kila jenomu na kila nyingine, jenomu 1,000 zinakupa jozi 499,500. Ukiwa na 2,000 jozi zinafika 1,999,000. Data zimeongezeka maradufu, kazi imeongezeka karibu mara nne. Mweleze msaili hivyo hivyo, kwa mfano wako, kisha umwambie ulifanya nini kuepuka kulinganisha zote. Fanya fumbo moja moja kila siku, uliseme kwa sauti unapolifanya. Usiyape zaidi ya hapo.

Kurasa tisa hazisomwi na mtu. Kata zibaki mbili. Makala zako zote ziwe mstari mmoja wenye idadi na kiungo. Nafasi inayobaki ijaze ulichotengeneza, nani anakitumia, na nini kilibadilika: uchambuzi uliokuwa ukichukua siku sasa unachukua saa ngapi, ni watu wangapi wanauendesha bila wewe. "Nilichunguza" na "nilishiriki katika" viondoke. Viingie "nilitengeneza", "nilirekebisha", "nilikabidhi".

Kuhusu soko sitakudanganya. Meta ilitangaza kupunguza watu 11,000 Novemba 2022, Google 12,000 Januari 2023, na kampuni nyingi zikafuata. Ukiomba kazi ya jumla ya kutengeneza programu za simu unasimama mlango mmoja na hao, na wao wana uzoefu. Akili bandia imeubana mlango huohuo, kwa sababu kazi ndogondogo zilizokuwa za wanaoanza ndizo inazozifanya upesi zaidi. Itumie, usiiogope, lakini ikumbuke tabia yake: inaandika kwa kujiamini vilevile inapopatia na inapokosea. Mtu aliyelelewa kwenye kontroli anaimudu kuliko anayeiamini.

Ndiyo maana ningekupeleka kwanza kwenye mlango mwembamba: kampuni za mashine za kusoma DNA, za programu za hospitali na maabara, za kuchambua jenomu. Huko elimu yako inahesabika siku ya kwanza. Unakumbuka kamati ya majina ya jeni za binadamu ilivyolazimika mwaka 2020 kubadilisha majina, SEPT1 ikawa SEPTIN1, kwa kuwa Excel ilikuwa ikiyageuza kuwa tarehe? Mwandishi hodari wa programu asiyejua biolojia anaziona tarehe kwenye safu ya jeni na kuzipitisha. Wewe ungeshtuka. Vyuo pia vina nafasi za wahandisi wa programu za utafiti, jina lililobuniwa Uingereza 2012 na sasa linatumika nchi nyingi. Kazi hiyo ingekukaa vizuri sana, ila soma mkataba kwanza: nyingi nazo zinalipwa kwa fedha za miradi, na utajikuta unasema "tutaona" kwa cheo kipya.

Jambo ambalo hukuniuliza. Barua yako inaanza na mikataba, furaha ya kuandika msimbo inakuja baadaye. Kama kesho ungepewa ajira ya kudumu hapo hapo maabara, ungebaki? Jibu ukiwa peke yako, mumeo asiwepo. Ukisema ndiyo, tatizo lako ni ajira, na zipo ajira za kudumu za kisayansi nje ya chuo ambazo hazitakulazimisha kuanza upya. Ukisema hapana, nenda, lakini ujue unaacha nini. Swali la kufanyia kazi litachaguliwa na mwingine. Utaambiwa "inatosha, tuendelee" wakati wewe bado unataka kujua kwa nini. Utaingia ngazi ya chini kuliko umri wako, na bosi wako anaweza kuwa kama yule kijana. Wapo wanaolipokea hilo kama mapumziko, wapo linaowakereketa mpaka wanarudi.

Msimamizi wako na maneno yake ya vitufe: mtu huyu akikukosa, makala za maabara nzima zinasimama. Simwiti mbaya, lakini ushauri wake una maslahi ndani yake, nawe uupime hivyo. Mwambie kabla hajaandika jina lako kwenye ombi lijalo la fedha, kwa sababu akishaliandika utakuwa umemwingiza hasarani. Usiende na maelezo marefu ya nafsi yako. Nenda na tarehe ya kuondoka, skripti iliyo tayari kukabidhiwa, na jina la atakayeishika.

Kuhusu ile makala, kuwa mkweli wa muda wako. Ukishaanza kazi mpya hutaandika usiku, ingawa sasa unaapa utaandika. Kama kilichobaki ni masahihisho, malizeni kabla hujaondoka. Kama bado kuna majaribio ya kufanya, mpe mwenzako aiongoze, jina lake likae la kwanza na lako la pili, na mkubaliane kwa maandishi leo, mkiwa bado mnaelewana.